Mama Ruhusa na Jumatatu ya Kaskazini

Mama Ruhusa hakuacha kulamba kidole. Kabla ya kufunua ukurasa wa kalenda alikigusa kwa ulimi kwanza, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, ndipo mwezi ukapinduka. Hata kiwanda kilipoleta kompyuta na kalenda ikahamia humo ndani, alilamba kidole kisha akabonyeza kitufe. Wenzake walimcheka. Yeye aliwaambia kwamba mwezi mpya haufunguliwi kwa mkono mkavu, akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa likizo za watu. Kiwanda kilishona sare za shule. Makao makuu yalikuwa mjini, na yalikuwapo matawi mawili, moja kaskazini na jingine mpakani. Wafanyakazi walikuwa mia tatu na ushei. Nchi ilikuwa moja, lakini kila jimbo lilikuwa na sikukuu zake juu ya zile za nchi nzima, kwa hiyo ukutani kwake zilitundikwa kalenda tatu. Mpakani walikuwa na siku ya jimbo lao mwezi wa nane, na siku hiyo makao makuu watu walikata vitambaa kama kawaida. Kila ulipokaribia mwezi wa nane, alisema Mama Ruhusa, kuna watu hukumbuka ghafla kwamba wana shangazi mpakani.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba chembamba juu ya ukumbi wa kushonea. Dirisha lilitazama chini kwenye safu za cherehani, na vumbi la nyuzi lilipanda hadi juu likatua kwenye mafaili. Mama Ruhusa alivua viatu chini ya meza, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi wa sare ya kijani, na watu wakaja mmoja mmoja na shida zao.

"Mama, nipatie siku tisa. Namhamisha baba."

"Una siku ngapi zilizobaki?"

"Nne."

"Zilete hizo nne." Penseli ikatembea. "Alhamisi hii ni sikukuu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano unachukua ruhusa, Alhamisi serikali inakupa, Ijumaa unachukua. Mbele una Jumamosi na Jumapili, nyuma una Jumamosi na Jumapili. Hesabu."

Yule mtu akahesabu kwa vidole, vidole vikakaribia kwisha. "Tisa! Mama, wewe ni mchawi."

"Mchawi hulala mchana. Mimi niko hapa tangu saa moja. Haya, mwite mwenzako aliye nyuma."

Alikuwa fundi wa kuunganisha siku, kama wale wa chini walivyounganisha kola na shati. Kilichomshangaza zaidi karani mdogo, aliyekuja kufanya kazi chini yake akiwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha chuo mkononi, kilikuwa namna alivyokumbuka siku za watu bila kufungua faili. Alijua mlinzi wa lango ana mke anayekaribia kujifungua, na mpiga pasi ana mashamba ya kugawana na kaka zake kabla ya mvua. Hakuuliza mambo hayo kwa umbea. Aliyahitaji kama fundi anavyohitaji vipimo.

Msimu wa tatu tangu aje, karani mdogo aliachiwa kupanga ratiba peke yake.

Ulikuwa msimu mgumu, miezi ile ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Kanuni ya msimu ilikuwa moja na haikupindishwa: hakuna anayechukua zaidi ya siku tano za ruhusa mfululizo. Na wa kwanza kupanda ngazi alikuwa mkata vitambaa, mwanamke mrefu mwenye makovu madogo ya mkasi vidoleni. Mume wake alikuwa fundi mitambo wa kiwanda hichohicho, ila tawi la kaskazini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Walikuwa na binti wa miaka mitatu.

"Mtoto anamwita baba yake mjomba," mkata vitambaa alisema.

Karani mdogo alicheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Akija siku nne, mtoto anamkimbia siku tatu. Ya nne anaanza kumzoea, baba mtu anapanda basi. Mara mbili amejiongezea siku, mara mbili amepewa barua ya onyo. Ya tatu unajua ni nini."

Karani mdogo alijua. Barua ya tatu ilikuwa ya kwenda nyumbani moja kwa moja.

"Nimemwambia nataka siku kumi. Aliwahi kuniahidi nane, nikapata tano. Safari hii zikitimia kumi nitasubiri uhamisho wake, hata ukichukua mwaka mwingine. Zisipotimia, namchukua mtoto naenda kwa wazazi wangu, yeye abaki na mitambo yake. Simtishi mtu. Nimechoka tu kumtambulisha mume wangu kwa mwanangu kila baada ya miezi sita."

Karani mdogo akaziinamia kalenda kwa jioni mbili. Akazipata. Mwezi huo sikukuu moja ya nchi nzima iliangukia Jumapili, kwa hiyo ilisogezwa Jumatatu. Siku tano za ruhusa, Jumatatu hadi Ijumaa. Mbele Jumamosi na Jumapili, nyuma Jumamosi na Jumapili na ile Jumatatu. Kumi kamili, kwa mke na kwa mume. Akampelekea Mama Ruhusa ratiba nzima, kurasa kumi na moja, na kifua mbele.

Mama Ruhusa alimtazama usoni muda mrefu kuliko alivyozitazama karatasi. Kisha akachukua kalamu ya wino akatia sahihi chini ya ukurasa wa mwisho, bila kufunua kurasa nyingine. Hakuwahi kufanya hivyo. Ilikuwa zawadi, na karani mdogo aliipokea kama zawadi.

Fundi mitambo akaja. Siku zikaenda. Jumamosi ya mwisho, saa tatu asubuhi, wanawake wale wawili walikuwa ofisini wakimalizia barua, na chini ukumbi ulikuwa kimya. Simu ikalia. Alikuwa karani wa tawi la kaskazini.

"Nahakikisha mahudhurio ya Jumatatu tu. Fundi wetu ameshaondoka huko? Maana basi la leo ndilo la mwisho, kesho sikukuu mabasi hayatembei."

"Jumatatu ni mapumziko," karani mdogo alisema.

"Kwenu, dada. Jimbo letu halisogezi sikukuu. Ikiangukia Jumapili, imekula kwetu. Jumatatu tunafungua saa moja na nusu, na mitambo miwili imesimama inamsubiri yeye."

Karani mdogo aliweka simu chini. Alizitazama kalenda tatu ukutani. Kwenye ile ya kaskazini, Jumatatu ilikuwa nyeupe, haina alama yoyote, nyeupe kama siku zote za kazi. Ilikuwa hapo muda wote.

"Mama," alisema. "Nimemfukuzisha mtu kazi."

Mama Ruhusa alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Basi limeondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili alfajiri."

"Lori la vitambaa linakwenda kaskazini saa nane mchana. Lina nafasi ya mtu mmoja." Akavaa viatu. "Nenda kwao. Umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba arudi na lori. Kisha uje uniambie amesema nini."

Walikuwa wamepanga chumba kimoja na baraza ndogo, mitaa minne kutoka kiwandani. Pazia la mlangoni lilikuwa limefungwa fundo kuruhusu upepo. Fundi mitambo alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mdomo wazi, na binti yake amelala juu ya kifua chake, mkono mmoja ameuingiza ndani ya kola ya shati la baba kama anayeogopa kuibiwa. Mkata vitambaa alikuwa akichambua mchele barazani.

"Shhh," alisema kabla mgeni hajapiga hodi. "Wamelala wote wawili. Karibu. Kuna nini Jumamosi yote hii?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Huku mwisho wa njia." Lakini alikuwa akitabasamu, na hakusubiri jibu. "Tangu juzi anamwita baba. Juzi jioni, si kabla. Alitaka kufungiwa kiatu, akamwita mara mbili, mwenzangu hakuitika, hajui kama ni yeye anayeitwa! Nikampiga kiwiko: itika, mwanamume, ni wewe."

Karani mdogo alisimama pale, akauliza hali ya mchele, akaaga. Njia nzima ya kurudi alijiambia ageuke, na miguu haikugeuka.

"Amesema nini?" Mama Ruhusa aliuliza.

"Amelala."

"Nawe?"

"Sikusema kitu, Mama. Nimeshindwa."

Alitegemea kukaripiwa. Mama Ruhusa aliinama tu, akatoa kwenye droo ya chini kitabu cha kanuni za kazi, ambacho jalada lake lilikuwa limeshonwa upya kwa kitambaa cha sare. Akakifungua kwenye ukurasa aliokwisha kuuwekea kipande cha uzi. Karani mdogo akaelewa kwamba wakati yeye yuko njiani, mwenzake hakuwa amekaa akisubiri.

"Soma hapo."

Alisoma. Mfanyakazi atafuata sikukuu za kituo alichopangiwa siku hiyo.

"Alichopangiwa," Mama Ruhusa alisema. "Hapakuandikwa alichoajiriwa. Jumatatu fundi akipangiwa hapa, basi ni mfanyakazi wa hapa, na wa hapa Jumatatu anapumzika. Jumanne anarudi kituoni kwake, na safari inahesabiwa ni ya kazi. Ila kaskazini hawawezi kukaa bila fundi. Lazima wa hapa aende kule. Wabadilishane vituo kwa siku hiyo, kwa karatasi, na meneja atie sahihi kabla hajaondoka saa sita."

"Nani ataacha mapumziko yake akapande lori?"

"Twende tukamwulize."

Karakana ilikuwa nyuma ya ghala. Fundi mkuu, waliyemwita Mzee Bisibisi kwa sababu kifaa hicho hakikutoka mfukoni mwake hata akiwa na suti, alikuwa amepindua baiskeli yake magurudumu juu akiipaka grisi.

"Bisibisi, nataka uende kaskazini leo saa nane, urudi Jumanne."

Hakuinua kichwa. "Jumatatu nimepanga kulala."

"Utalala kwenye lori."

"Lori lile? Hata marobota ya vitambaa yanafika yameamka!" Akageuza pedeli. "Kuna nini kaskazini?"

Mama Ruhusa akamwambia, kwa maneno machache, na alipofika kwenye kosa alisema, "Ratiba yangu imekosea siku moja." Karani mdogo alifungua kinywa. Mama Ruhusa akamkanyaga kidole cha mguu, si kwa nguvu, lakini si kwa bahati mbaya.

"Yule kijana wa mtoto anayemwita mjomba?" Mzee Bisibisi alisimama, mgongo ukalia. "Mama Ruhusa, miaka ishirini sijawahi kukuomba siku ukaninyima, isipokuwa moja. Wiki ya mwisho wa mwaka. Wajukuu wangu wote wanakusanyika, na kila mwaka naambiwa sisi tusioshona tunaondoka wawili tu, na jina langu ni la tatu. La tatu! Mimi nimekuwa wa tatu hadi mvi zimeota masikioni."

"Mwaka huu nafasi imepatikana."

"Imepatikana wapi?"

"Wewe unataka nafasi, au unataka historia yake?"

Mzee akacheka hadi akashika tandiko la baiskeli. "Niletee hiyo karatasi. Na umwambie dereva asipige honi njia nzima, mimi si ng'ombe."

Meneja alikuwa amekwisha kufunga begi. Kwa umri alikuwa mdogo kwa Mama Ruhusa kwa miaka kumi na mitano, na alimwamkia kwa heshima kabla ya kuwa bosi wake tena. Alisoma karatasi ya kubadilishana vituo, akasoma kifungu cha kanuni, akarudia.

"Ni halali," alisema. "Sijawahi kuona mtu akikitumia hiki, lakini ni halali. Tatizo ni hili kosa. Kaskazini watauliza, na mimi lazima niandike. Nani alipanga?"

Karani mdogo alisogea mbele. "Ni mi..."

"Sahihi ni ya nani hapo chini?" Mama Ruhusa aliuliza.

Meneja akafunua ukurasa wa mwisho. "Yako, Mama."

"Basi usitafute mbali. Sahihi si pambo."

"Mama, umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Faili lako halina hata doa."

"Faili likistaafu jeupe kabisa, watu watadhani nilikuwa silifungui. Andika, baba. Saa sita inakaribia."

Aliandika. Mistari miwili, kwa mkono mzuri, na muhuri juu yake. Miaka ishirini na sita, na hiyo ndiyo mistari pekee ya kosa iliyoandikwa dhidi ya mwanamke yule.

Saa nane lori liliondoka na Mzee Bisibisi akiwa amekaa mbele, mto wa kulalia mapajani, akimfokea dereva hata kabla ya lango. Ndipo karani mdogo akatumwa tena mitaa ile minne, safari hii na karatasi yenye muhuri. Fundi mitambo aliisoma akiwa na mtoto begani. Alipoelewa alichokuwa karibu kukipoteza bila habari, alikaa chini kwenye kizingiti. Mkata vitambaa aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaifutika kifuani.

"Kwa hiyo ulikuwa hupiti," alimwambia karani mdogo mwishowe.

"Sikuwa napita."

"Ulitutazama, ukanyamaza, ukarudi kupigana."

"Aliyepigana ni Mama."

Jioni hiyo wakifunga madirisha, karani mdogo alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Kwa nini hukuniacha niseme? Kosa ni langu."

"Ni lako, nani amekataa? Nami nilitia sahihi bila kusoma, hilo ni langu." Mama Ruhusa alikuwa akifungua uzi wa miwani. "Ungesema mbele ya meneja, ungejifunza woga. Watu waoga hupanga likizo mbaya, humnyima kila mtu ili wasikosee. Mimi nataka ujifunze kalenda."

Jumanne, akinakili ratiba ya wiki ya mwisho wa mwaka, karani mdogo alifika kwenye jina la pili. Palikuwa pameandikwa Mzee Bisibisi, na chini ya herufi zake karatasi ilikuwa imechubuka kwa raba. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Jina lililofutwa lilikuwa la Mama Ruhusa mwenyewe. Aliangalia ratiba ya mwaka uliopita, na wa kabla yake, zilizohifadhiwa kwenye kabati. Mwaka mmoja nafasi ile ilikuwa imefutwa ikapewa mlinzi wa lango. Mwaka mwingine, mpiga pasi. Dada yake Mama Ruhusa, aliyemzidi miaka miwili na aliyelala naye kitanda kimoja utoto wote, aliishi huko kaskazini, na kila mtu ofisini alijua kwamba mwaka huu dada wale wangekutana.

"Nitakwenda mwezi wa tatu," Mama Ruhusa alisema alipoulizwa, kama mtu anayezungumzia kumwagilia maua. Alikwenda kweli, siku tatu, akarudi anacheka. Dada yake alikuwa amempokea mlangoni kwa maneno haya: "Umekuja sikukuu zote zimekwisha, kama aliyetumwa kurudisha viti!"

Siku za mkata vitambaa zilitimia kumi. Alisubiri kama alivyosema, mwaka na miezi minne, hadi uhamisho ulipotoka, na binti yule hakumwita tena baba yake mjomba, isipokuwa alipokasirika.

Mama Ruhusa alistaafu akahamia kaskazini kwa dada yake. Karani mdogo alirithi chumba, kalenda tatu na foleni ya ngazini. Kila mwaka alipomaliza ratiba alipiga simu, akaisoma yote kwa sauti, jina kwa jina, na kule upande wa pili yule mwanamke alisikiliza, akisimamisha hapa na pale: huyo mkewe vipi, yule mbona umempa mwezi wa mvua. Miaka ilikwenda hivyo. Karani mdogo akaacha kuwa mdogo, akafika miaka arobaini, akaipita. Akapata sifa. Watu walisema amekuwa kama mwenzake, na yeye alifurahi kuambiwa hivyo, hakufikiri zaidi ya hapo.

Mara ya mwisho alipiga simu mchana wa Ijumaa. Mama Ruhusa alikuwa mgonjwa, sauti imekonda, na dada yake alimshikia simu sikioni. Hakumsimamisha hata mara moja. Karani alisoma majina yote, mia tatu na kumi na nane, koo likamkauka, akakaribia kudhani kwamba mwenzake amelala.

"Mama, upo?"

"Nipo. Wote nimewasikia, na umewapanga vizuri." Pumzi ikapanda, ikashuka. "Ila mwanangu, wewe umejiandika lini?"